Kibuyu cha Akeno Wodini

Abigael aliosha vyombo akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa sababu kuinama kulikuwa kumemshinda. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imepita wakati wake. Mumewe, Ereng, alikuwa kazini Kakuma. Mama mkwe wake, Akeno, alikuwa amefika nyumbani kwao Nawoitorong kutoka Longech, kando ya ziwa. Alikuja na samaki wakavu, kibuyu cha maziwa na shaka nyingi.

"Mama, hospitali wanasema wataanzisha uchungu kwa dawa," Abigael alimwambia.

"Mtoto ni pikipiki, apigwe kiki? Mimi nimezaa watoto sita. Hakuna mtu alinisukuma."

Hata hivyo walienda hospitalini Lodwar. Nesi Jebet aliwapokea wodini.

"Ejok, mama."

"Ejok," Akeno alijibu, huku akimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. Kwake, mgeni anayekusalimia kwa lugha yako lazima ana jambo.

Jebet alimwonyesha kidonge. Akeno alikichukua, akakinusa.

"Hii ni ya kufunga kizazi?"

"Hapana, mama. Kinalainisha mlango wa kizazi na kuanzisha uchungu. Mimba ikipita wakati, kondo la nyuma huchoka. Mtoto anaweza kukosa chakula na hewa."

"Na hiyo sindano kwenye trei ni ya nini?"

"Mama wa mara ya kwanza akianzishiwa uchungu, huweza kukaa nao muda mrefu sana. Ukishashika vizuri, na daktari akiona inafaa, tunampa sindano ili mlango ufunguke haraka zaidi. Si kila mama anaihitaji. Mdomo unaweza kukauka, na moyo kwenda mbio kidogo. Kwa hiyo tunamwangalia yeye na mtoto."

"Moyo kwenda mbio! Umesikia?" Akeno alimgeukia Abigael.

Jebet aliitwa na mama mwingine, akakawia huko. Akeno akafungua kibuyu, akamimina kikombe kimoja.

"Kunywa. Hii sisi tunajua."

Maziwa yalikuwa na ukali wa mzizi. Abigael aliogopa kidonge, lakini alimwogopa mama mkwe zaidi. Akanywa yote.

Jebet aliporudi, aliuliza, "Abigael, umekunywa dawa yoyote ya nyumbani?"

"Maziwa tu," Akeno alijibu upesi, utadhani tumbo ni lake.

Jebet aliweka mkono juu ya tumbo. Lilikuwa gumu. Likalegea kidogo, likakaza tena. Sasa ikawa zamu ya nesi kuwa na shaka.

"Sijampa kitu bado. Mbona tumbo linakaza hivi?"

Akeno akatazama dirishani. Kidonge kilikuwa tayari mezani. Abigael alijua kwamba akinyamaza, atakimeza juu ya mzizi.

"Kuna mzizi kwenye maziwa," alisema, akamgeukia Akeno akilia. "Nisamehe, mama. Namwogopea mtoto."

Jebet alikiondoa kidonge mara moja.

"Umefanya vizuri kusema. Mzizi unakaza tumbo, na kidonge kinakaza. Vikikutana, tumbo linaweza kukaza bila kupumzika. Mtoto atakosa hewa. Hata kizazi kinaweza kupasuka."

Akeno aliketi. Aliona haya, na aliogopa pia.

"Nilitaka tu amalize haraka," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata sisi tunataka hivyo, mama. Lakini lazima tujue alichokunywa."

Daktari alisema wangoje kwanza. Moyo wa mtoto ulisikilizwa mara kwa mara, mpaka tumbo likatulia. Ndipo Abigael akapewa kidonge. Uchungu uliposhika vizuri, daktari alimpima, akakubali achomwe sindano. Mdomo ulikauka kweli, kama walivyoambiwa. Akeno alimpa maji kidogo kidogo. Aliuliza juu ya kila kitu, na safari hii alisubiri jibu.

Kesho yake mchana Abigael alizaa msichana. Mtoto alilia hadi watu wa wodi ya jirani wakamsikia. Akeno naye alilia, ingawa baadaye alidai ni vumbi.

Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Akeno alirudi wodini na kibuyu kilichooshwa na kujazwa upya. Alimimina kikombe, lakini hakumpa Abigael. Alikipeleka kwa Jebet.

"Nusa kwanza," alisema.

Jebet akanusa. "Ni maziwa."

"Maziwa tu," alisema Akeno. "Leo ni kweli." Ndipo akampa Abigael anywe.