Pedi Nene za Mke Wangu

Mke wangu ni fundi cherehani, mimi ni kinyozi. Vyumba vyetu vya kazi vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Cherehani yake ikinyamaza, nasikia. Mwaka mmoja ikawa inanyamaza siku nane kila mwezi.

Nilidhani ni uchovu. Kumbe hedhi yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Pedi za dukani hazikumtosha, basi akajishonea zake kwa mabaki ya taulo. Alianza na tabaka nne. Zikawa sita, kisha nane. Hakuna nguo iliyochafuka, kwa hiyo hakuna aliyejua, hata mimi ninayejisifu kuona unywele mmoja uliokaa vibaya. Ufundi wake ndio uliotuficha ugonjwa.

Siku moja nilimkuta ameshikilia meza asianguke. Nilimbana kwa maswali mpaka akalia. Akaniambia kwamba shangazi yake alitokwa na damu vivyo hivyo kwa sababu ya uvimbe, akatolewa kizazi. Sisi tuna binti mmoja, na kwa miaka mitatu tulikuwa tunatamani wa pili.

"Nikienda hospitali watanitoa kizazi," alisema. "Utabaki na mke gani?"

"Nitabaki na huyu huyu anayenisumbua," nilimjibu. "Ila nikikuzika, nitabaki na cherehani."

Kesho yake tulikwenda kliniki. Muuguzi alimvuta kope la chini, akaona ndani yake pamepauka. Kipimo kilionyesha damu imepungua sana. Picha ya ultrasaundi ilionyesha uvimbe sehemu tatu kwenye mfuko wa uzazi. Daktari alitutuliza kwamba uvimbe wa aina hii si saratani, na wanawake wengi wanao. Alimpa vidonge vya madini ya chuma ili damu ipande.

Mimi nikauliza dawa iliyo bora kuliko zote ni ipi. Muuguzi akacheka.

"Kaka, wateja wako wote unawanyoa mtindo mmoja?" Kisha akamgeukia mke wangu. "Dada, unataka damu ipungue tu, au unataka na mtoto?"

"Na mtoto," alisema, kwa sauti ndogo.

Muuguzi akatueleza taratibu. Kuna vidonge vya kupunguza damu, humezwa siku za hedhi tu. Havizuii mimba, lakini haviondoi uvimbe. Kuna kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Hupunguza damu sana, ila kikiwemo kinazuia mimba, na uvimbe ukiwa umeharibu umbo la mfuko huo, huenda kisifae. Kuna sindano za kusinyaza uvimbe kwa muda, mara nyingi kabla ya upasuaji. Zikisimamishwa, uvimbe hukua tena. Kuna upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha kizazi. Huo huacha nafasi ya kupata mimba, ingawa uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye. Kutoa kizazi humaliza hedhi na uvimbe huo moja kwa moja, na mimba pia.

"Basi shangazi walimkosea?" mke wangu aliuliza.

"Alikuwa na watoto wangapi?"

"Sita. Hakutaka mwingine."

"Basi hawakumkosea. Ile ilikuwa tiba yake. Tutafute yako."

Alituonya pia: pedi ikilowa ndani ya saa moja au mbili, au mabonge makubwa yakitoka, au kizunguzungu kikianza, mtu asisubiri mwezi mwingine.

Mke wangu alichagua upasuaji wa kuacha kizazi. Kwanza alimeza vidonge vyake vya madini ya chuma miezi mitatu, damu ikapanda. Baada ya upasuaji alikatazwa kazi nzito wiki sita, nami nikashika jiko. Yeye na binti yetu walikula wali wangu ulioungua bila neno, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Hedhi yake sasa ikawa siku nne, kwa pedi za dukani. Daktari alitutaka tusubiri miezi kadhaa kabla ya kutafuta mimba. Tulisubiri, kisha tukatafuta, na miezi ilipita kimya.

Asubuhi moja nilikuwa nimefika nusu ya ndevu za mteja. Mke wangu akaingia, ametoka kliniki.

"Mtoto wako ana miezi mitatu tumboni," alisema. "Nimeuona moyo wake ukipiga."

Nilikaa chini nikalia mbele za watu. Mteja wangu alingoja na ndevu zake nusu, wala hakulalamika.