Sauti Niliyoikata Katikati

Nina miaka ishirini na tatu, mtoto mmoja wa kike, na mume fundi cherehani. Tunaishi hapa Gitega, mtaa wa Waswahili, lakini kwetu ni Muyinga. Sekondari nilimaliza. Nayasema haya mapema ili msije mkanitetea kwamba nilikuwa mjinga... Sikuwa mjinga! Nilikuwa na hasira, na nilijiona nina haki.

Nilipomzaa Shakila matiti yalivimba, nikalia kuliko mtoto mwenyewe. Mama mkwe alinikanda na maji ya moto, wapi! Walioniokoa ni akina mama wa grupu moja kwenye simu. Wa Gitega, wa Muyinga, hadi wa Kobero kule mpakani. Pale unauliza lolote bila aibu: damu, chuchu zilizopasuka, mume asiyetaka kungoja arobaini iishe. Niliwapenda. Mwisho wakanifanya admin.

Kisha kikaja kisa cha picha.

Dada mmoja alikuwa na jipu kwenye titi. Akapiga picha, akatuonyesha, akaomba ushauri. Haikupita wiki, picha ile inazunguka kwa vijana wa stendi! Mumewe akaiona. Akampiga, akamrudisha kwao Buraza na kichanga mgongoni... Wasomaji wenzangu, niliwaka moto! Niliapa: mwanaume yuko ndani ya grupu yetu, na mi nitamtoa.

Nikaweka sheria. Kila mtu aseme yeye ni mwanamke au mwanaume, na aseme kwa sauti, kuandika sitaki. Anayekataa, nje! Wote wakatuma. Nakumbuka msichana mmoja wa Muyinga, sauti nyembamba, anacheka: "Mi ni mwanamke, mama mtarajiwa, naogopa lakini niko tayari!" Tukamchekea, tukamkaribisha. Jina lake sikuuliza.

Baada ya muda namba yake ikaanza kuandika vingine. Kicheko hakuna. "Mtoto anaharisha kwa maziwa ya ng'ombe. Nifanye nini?" Tukamjibu kwa upole, mnyonyeshe tu mamaa, achana na ng'ombe. Kesho yake: "Natafuta mama mwenye maziwa, hapa Muyinga, amnyonyeshe mtoto."

Mama gani anatafuta maziwa ya mwenzake? Nikashtuka. Nikamuuliza mbele ya wote: we ni mwanamke au mwanaume? Jibu kwa sauti!

Ikaja sauti ndefu. Nzito, yenye kukwaruza. "Mi ni mwanaume, dada, lakini..."

Nikaikata hapo hapo. Ningesikiliza nini tena? Si ameshakiri?

Nikawaandikia ni mwanaume, na grupu ikalipuka kabla mtu hajaisikiliza yote! Aliyecheka zaidi ni Mama Hawa wa Muyinga: "Yoo! Baba mzima anatafuta titi! Mwambieni akanyonye mbuzi!" Asubuhi ile ile Mama Hawa alikuwa amelalamika kwamba maziwa yanamwagika mpaka yanalowesha blauzi, anayakamua kwenye beseni na kuyatupa.

Mimi nikafungua kinywa changu hiki, nikatuma sauti: "We mwanaume mchafu, hauna haya? Unajifanya mama ili uchungulie miili ya wake za watu? Mungu akuumbue!" Nikamtoa. Nikaifunga namba yake. Haikunitosha... Nikaisambaza sauti yake kwenye kila grupu ya akina mama niliyoijua Muyinga, na onyo kwamba ni mwanaume, ili asipate pa kuingia. Wakaniandikia bravo, admin, bravo! Nikalala usingizi mtamu.

Siku zikapita. Nikaenda Muyinga kumsalimia shangazi. Sijakaa hata vizuri akaniambia: "Jifunge kitenge, mwanangu, twende tuwape pole majirani. Mke alikufa akizaa, na sasa mtoto naye kamfuata."

Nikaenda, Shakila mgongoni. Tukaketi mkekani na wanawake wengine, nikasema poleni, Mwenyezi Mungu awape subira. Mama wa yule mfiwa akaanza kutueleza. Walihamia mtaa ule karibuni, watu wengi hawawajui. Walimtafutia mtoto mnyonyeshaji, lakini wanaume wa mtaa waliwakataza wake zao. Eti akinyonya atakuwa ndugu wa watoto wao, kesho hawataweza kuoana! Kichanga kinakufa, wao wanapanga harusi! Basi wakampa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, tumbo likakataa, wakamkimbiza hospitali, akawa amechelewa.

"Mkwe wangu alimwambia mumewe kabla hajakata roho," bibi yule akasema. "Ukikwama, waulize akina mama wa kwenye simu yangu, wale wana huruma. Mwanangu akawauliza. Wakamtukana."

Nikajiambia hapana, magrupu ni mengi.

Ndipo mwanaume mmoja akaingia na chupa ya chai. Mwembamba, macho mekundu. Akainama mbele yangu: "Karibu chai, dada."

Sauti ile ile! Nzito, yenye kukwaruza! Na Shakila, kama vile ametumwa, akaanza kulilia ziwa. Mtu afanye nini? Nikamnyonyesha pale pale, ndani ya nyumba ile, maziwa yakimtoka pembeni ya mdomo... na bibi yule ananitazama.

Nikatoka nyuma ya nyumba. Nikaitafuta ile sauti, nikaiweka sikioni, na kwa mara ya kwanza nikaisikiliza yote.

"Mi ni mwanaume, dada, lakini mke wangu alikufa akizaa, simu ni yake. Mtoto anaitwa Rehema. Huyo mama si lazima nimuone. Mama yangu atampeleka mtoto mpaka mlangoni, mi nitabaki mbali, vraiment, kweli kabisa. Tafadhali, asilale njaa tena."

Ni hayo tu. Kumbe alikuwa ameshaifikiria hofu yetu kabla yetu!

Nilimpigia Mama Hawa. Anaishi nyuma ya soko, ukisimama kwenye ua wa wafiwa unaliona bati lake. Alipiga ukelele mmoja, akakata simu. Hajaongea na mimi mpaka leo.

Na ile picha ya jipu, ilipokuja kujulikana, mnajua ni nani aliyeitoa? Mwanamke! Mwenzetu wa siku nyingi, alimwonyesha kaka yake ili wacheke. Sheria yangu aliipita wa kwanza, kwa sauti tamu kama asali. Aliyesema ukweli ndiye niliyemfukuza.

Kabla ya kurudi Gitega nilienda kwa yule baba, peke yangu na mtoto wangu. Nikamwambia mlangoni: ni mimi. Nilingoja anipige. Ningefurahi!

Akasema taratibu: "Nilikujua, dada, nikiwa nje, toka uliposema poleni. Sauti yako niliisikiliza mpaka mwisho."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuomba. Akamtazama Shakila mgongoni kwangu, akauliza: "Huyu anaitwa nani?"

Nilishindwa kulitaja jina la mwanangu mwenyewe...

Je, Rehema angepona? Hakuna wa kuniambia, na hilo ndilo linanitafuna. Nina hasira na wale wanaume wa mtaa, nina hasira na yule aliyeitoa picha, lakini hasira kubwa ninayo na nafsi yangu.

Wapo watakaosema tusiulize tena nani mwanamke, nani mwanaume. Mimi bado nauliza! Dada wa Buraza bado yuko kwao, aibu yake haijafutika. Ila sasa anayejibu mwanaume namfuata pembeni, namsikiliza mpaka amalize, kisha ndiyo naamua. Nawasihi ninyi mnaoshika funguo za magrupu, ulizeni, lakini msikate sauti ya mtu kabla hajamaliza. Na kama ametaja mtoto, muulizeni mtoto anaitwa nani, angali hai.