Ukurasa Uliomuumbua Mume Wangu

"Karibu tena, mpenzi! Tumekutumia kiungo cha kubadili neno la siri."

Jamani... nilisoma mara tatu!

Barua pepe niliyoandika ni ya mume wangu. Si ya kazini, ile yake binafsi. Na tovuti ni ya kutafuta wachumba!

Fundi wa tovuti hiyo ni yeye mwenyewe. Mimi humwita Profesa, maana kwake sisi wengine wote ni mbumbumbu. Juzi mezani alikuwa anamcheka dada mmoja wa ofisini kwao.

"Eti anataka ukurasa wa waliosahau neno la siri umjibu kila mtu jibu moja, mwenye akaunti na asiye nayo! Watu watachanganyikiwa. Wangu unamkaribisha mteja, mgeni unamwambia hatumfahamu."

Nikasema hebu niujaribu huo ufundi. Ndiyo nikakutana na "mpenzi"!

Aliporudi, mama mkwe alikuwa sebuleni anashona vifungo. Nikamgeuzia laptop.

"Baba watoto, hii nini?"

Akacheka kile kicheko chake cha dharau.

"Mke wangu, haya mambo huyawezi. Ukurasa unamkaribisha kila mtu!"

"Juzi si ulisema wageni hawakaribishwi?"

"Nilishabadilisha. Ngoja niandike ya mama uone."

"Mwanangu, acha..." mama akasema.

Wapi! Profesa hasikii la mtu. Barua pepe ya mama anaijua, alimfungulia yeye.

"Karibu tena, mpenzi!"

"Umeona? Hata mama!" Kifua mbele, kama jogoo.

Nikavuta laptop. Nikaandika yangu.

"Samahani, hatukufahamu."

Profesa akamgeukia mama yake taratibu. Mama akakata uzi kwa meno.

"Mimi ni mjane mwaka wa tisa. Natafuta wa kuzungumza naye. Wewe unatafuta nini, na mkeo huyu hapa?"

Bingwa wa majibu akaifunga laptop!

Ila roho iliniuma kwa ajili ya mama. Yeye hakukosea kitu, na siri yake imeanikwa na mwanawe wa kumzaa.

Kesho yake asubuhi ukurasa ulikuwa umebadilishwa: "Kama barua pepe hii ina akaunti, utapokea kiungo." Maneno ya yule dada, hakuna lililopungua! Mama akaujaribu, dakika mbili akawa ndani. Nani kachanganyikiwa sasa?

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wapendwa. Ukitengeneza ukurasa mbea, usidhani utakuchagulia wa kumwambia. Na mtu anayekucheka leo kwa tahadhari yako, kesho ataiiba.

Profesa nilimfungashia begi, yuko kwa rafiki yake. Jana kanitumia ujumbe:

"Mke wangu, bado nina nafasi?"

Nikamjibu:

"Kama una nafasi, utapokea ujumbe."