Nani Alipika Wali wa Shaib?

Asubuhi ya Alhamisi polisi walimtoa Mwanamkasi ndani ya eda... na karatasi waliyokuja nayo ilikuwa na maneno yangu.

Nilikuwa barazani nanyonyesha. Nyumba yake na yangu zinatazamana, hapa hapa Ngamiani. Nikaona askari wawili, mmoja mwanamke, na nyuma yao Jaku, shemeji yake Mwanamkasi, kashika karatasi iliyochapwa. Akaisoma kwa sauti, mtaa mzima usikie. Akaanza na jina la ukurasa.

"Tabia Mchambuzi."

Wasomaji wangu, jina hilo mnalijua.

Mwanamkasi alitoka kajifunika gubigubi. Hakulia, hakubishana. Alinitazama mara moja tu.

"Mdogo wangu, niangalizie nyumba."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani. Kila Jumatano jioni naangalia ile tamthilia ya mahakamani, ya Wakili Salme, kisha naandika uchambuzi hapa. Nani muuaji, shahidi yupi kadanganya, wakili kateleza wapi.

Sehemu ya tisa, mke alimlisha mumewe sumu. Kusema kweli ilikuwa ya ovyo. Muuaji nilimjua kabla ya tangazo la kwanza. Na nyie mlishaanza kunikimbia, wiki iliyotangulia nilipata komenti kumi na mbili tu.

Nikatafuta pilipili ya kutia.

Shaib, mume wa Mwanamkasi, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Mchana alikula vizuri, alasiri akaanguka, akafia hospitali. Basi nikaandika hivi:

"Hata mtaani kwetu Ngamiani yupo mjane. Mume kala wali mchana, alasiri maiti. Msibani kalia bila chozi. Wakili Salme angeuliza swali moja tu: nani alipika?"

Sikumtaja jina. Nikajiambia ni stori tu, nani atajua.

Mkaisambaza mara elfu nne. Nikashinda natabasamu na simu kama mwehu.

Jaku naye akaiona. Siku nyingi alikuwa akitaka Mwanamkasi aondoke kwenye nyumba ya kaka yake. Akaichapa, akaipeleka polisi, na Alhamisi ya wiki iliyofuata wakaja.

Sasa niwaambie nililowaficha.

Wali ule nilipika mimi.

Mwanamkasi alikuwa kaungua mkono kwa mafuta ya moto, hata mwiko hawezi kushika. Wiki nzima nilikuwa nampikia yeye na mumewe. Siku ile ilikuwa wali wa nazi na samaki changu, sufuria moja, na mimi nilikula humo humo.

Kwa hiyo nilipoandika lile swali, jibu nilikuwa nalo. Niliandika kwa sababu linanoga. Basi.

Mume wangu, Sele, aliporudi kutoka kazini Pongwe nikamwambia yote. Akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nikisema nilipika mimi, watanishika mimi. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akatoka naye nje.

Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita.

Na hili nalo nikiri... siku hizo mbili nilikuwa bado nafungua simu kusoma komenti. Kuna mtu hata Tanga hajawahi kufika kaandika "anyongwe." Wengine wakamuunga mkono. Niliziona zote, sikufuta hata moja.

Jumamosi asubuhi nikambeba mtoto nikaenda kituoni. Yule askari wa kike nikamkuta mezani, anaitwa Afande Benedikta. Nikamwambia wali nilipika mimi, na yale maneno niliandika mimi.

Alinitazama, akafungua jalada.

"Mama, tulimuuliza mara tatu. Mara zote tatu kasema kapika mwenyewe, bila msaada wa mtu."

Nikamwambia haiwezekani, autazame mkono wake ule wenye kovu bichi. Akaniambia nikae. Nikaandika maelezo huku mtoto analia mapajani, na kalamu inaniteleza kwa jasho.

Mchana wakaniita tena, wakaniuliza yale yale. Nikajibu yale yale.

Alasiri likaja faili la hospitali. Shaib alikuwa mgonjwa wa moyo kwa miaka miwili, na dawa aliziacha bila kumwambia hata mkewe. Hakuna sumu wala muuaji. Wakatuachia wote wawili.

Nje ya kituo nikamshika mkono ule mzima.

"Da Mwanamkasi, kwa nini ulisema ulipika wewe?"

"Unanyonyesha. Ningekutaja, mngelala humo na mtoto."

"Lakini jina langu ulilisikia..."

"Nililisikia." Alitengeneza mtandio wake polepole. "Wali ulinipikia kwa wema, Tabia. Nisingekubali wema ule ukufunge. Hilo la kuandika ni jingine."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Umeandika sikutoa chozi. Chozi nililimaliza hospitali, peke yangu. Wewe ulinikuta msibani. Hilo sijakusamehe, na usiniharakishe."

Tukarudi Ngamiani. Mlangoni kwake akaingia, akafunga. Mimi nikabaki barabarani na mtoto wangu.

Ndugu zangu, wale wa kwenye tamthilia wakimaliza kushtakiwa wanafutwa poda usoni wanarudi makwao. Jirani yako ukimshtaki mtandaoni hana kwingine pa kurudi, anarudi pale pale, kwenye macho ya watu uliowafundisha wewe kumtazama vibaya.

Mwanamkasi amebakiza karibu miezi mitatu ya eda. Sasa watu hawanunui tena maandazi anayopika na kuuza nyumbani kwake, ingawa polisi wamemsafisha. Wanasema ukweli haujulikani.

Ukweli nimeuandika hapa. Ule uongo mliusambaza mara elfu nne. Huu tangu asubuhi umesambazwa mara sita, na mojawapo ni ya Sele.