Santuri Inayoshuka

Jua lilikuwa linazama fundi wa gramafoni alipofunga kibanda chake, akatia bisibisi mfukoni, akashika njia ya ukumbi wa mazoezi kwenda kutetea jina lake.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amesema mbele za watu kwamba gramafoni ya kwaya, aliyoitengeneza fundi wiki iliyopita, inavuta wimbo nyuma. Fundi angemsamehe mtu aliyemtukana yeye, lakini si aliyeitukana kazi yake.

Tena alikuwa na lake moyoni. Mkewe, mwimbaji wa sauti ya pili, aliimba kufuatisha santuri kwenye mashine hiyo Jumapili, akarudi nyumbani hana sauti. Leo ilikuwa siku ya nne. Homa juu, neno hata moja hakuna. Alikuwa amemwacha na shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe.

Mwalimu alikuwa peke yake ukumbini. Hakuwasha taa.

"Karibu, fundi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nani kakwambia kuna mgonjwa?"

Mwalimu akameza mate. Fundi akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Haya, weka santuri yako," fundi akasema. "Leo tutajua nani mwongo."

Ulikuwa wimbo wa kizamani wa kuwaombea wafu, sauti nne, bila ala. Fundi akabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, akashika saa, akahesabu mizunguko. Dakika tatu, mizunguko mia. Haikuzidi, haikupungua.

"Umeona? Mashine yangu haina deni na mtu!"

"Nimeona," mwalimu akasema taratibu. "Sasa sikiliza."

Akabonyeza noti moja ya kinanda. G. Ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada.

Wimbo ulikuwa chini yake. Noti nzima chini, kwenye F.

"Jalada linasema dakika kumi na moja," mwalimu akanong'ona. "Jumapili ulichukua kumi na nne."

"Acha utani. Kwaya ya watu hai ikiimba bila kinanda hushuka, ikiongezeka watu hukokota wimbo. Hii ni santuri! Ilishaimbwa, ikaisha!"



Fundi akainama karibu na kipaza sauti. Kulikuwa na harufu... si ya vumbi. Harufu ya pumzi za watu wengi waliofungiwa chumba kimoja.

Ubeti wa tatu ukaingia. Sauti ya pili ikapanda, na katikati ya neno, mtu mmoja akavuta pumzi.

Hh.

Nywele zikamsimama. Kosa lile alilijua. Miaka sita mwalimu alikuwa akimgombeza mkewe kwa ajili yake: mama, usikate neno, utapumua mwishoni! Na santuri ile ilirekodiwa kabla mkewe hajazaliwa.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, njoo usikie maajabu! Dada anaimba usingizini. Vizuri kabisa!"

Fundi akasikiliza sikio hili simu, sikio lile gramafoni. Noti moja. Neno moja.

Akanyanyua sindano.

"Shemeji!" Simu ikapiga kelele. "Hapumui! Dada hapumui!"

Akairudisha sindano upesi. Wimbo ukaendelea.

"Kapumua... Jamani, kapumua."

Sindano ilikuwa imebakiza vidole viwili kufika katikati.

Fundi akamkaba mwalimu shati. "Umemfanya nini mke wangu?"

"Sikumfanya kitu. Niliikuta humu kabatini. Waimbaji watatu wameshakwenda, fundi, wote wakiimba usingizini. Santuri ikifika mwisho, mtu naye anafika."

"Na ukaendelea kuipiga!"

"Wewe ungejuaje kwamba ni yenyewe? Ndiyo maana nikakuita. Nilitamani uniambie mashine ni mbovu."

Kidole kimoja na nusu.

Fundi akamwachia. Kichwa chake kilijua jambo moja tu: kilichoshuka hupandishwa. Kama wimbo ulishuka na mkewe, utapanda naye. Akaweka kidole ukingoni mwa sahani, akaanza kuisukuma.

"Usiharakishe!" mwalimu akanong'ona. "Humo hawatoki kwa zamu. Hutajua umemtoa nani!"

Hakusikia. Akasukuma. Wimbo ukapanda, ukapanda... F ikaachwa nyuma. Sauti za wale watu wengi zikageuka kilio chembamba. Kisha G, safi kama kengele, sindano ikigusa ukingo wa karatasi ya jina katikati ya santuri.

Kimya.

"Shemeji," simu ikasema, "dada kafumbua macho!"

Alikimbia njia nzima. Alimkuta shemeji analia na kucheka kwa pamoja. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu, homa imekwisha.

Fundi alipomsogelea, mkewe akavuta shuka hadi kidevuni, kama mwanamke aliyeingiliwa chumbani na mwanamume asiyemjua.

"Samahani, kaka," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamke mzee. Fundi hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Homa hiyo," shemeji akasema, anajifuta machozi. "Kesho atakuwa mwenyewe."

Fundi akarudi ukumbini mbio. Mlango ulikuwa na kufuli. Gramafoni ilikuwa imewekwa nje kwenye ngazi, sahani yake tupu. Mwalimu hakuonekana tena, wala santuri.

Huu ni mwezi wa tatu. Yule mwanamke ni mpole. Anafagia, anapika, anashukuru kwa kila kitu, na hulala chumba kimoja na shemeji. Majirani wanampa fundi hongera kwa mkewe kupona.

Jioni, akishamwandalia chakula, husimama kando, mikono ameikunja, kama mgeni anayeogopa kuzoea nyumba ya watu.

"Kaka," humwuliza kwa heshima, "mkeo atarudi lini?"