Bunduki Yako Nipe, Yangu Chukua

Mikono miwili ilitua kwa pamoja juu ya katoni ya mwisho ya risasi, na hakuna uliokubali kuondoka.

Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya bunduki mjini Johnstown, ukumbi umefurika, watu wanapita ubavuubavu kati ya meza, hewa nzito kwa mafuta ya bunduki, kahawa na vitunguu vya kukaanga. Mkono mmoja ulikuwa na kucha nyekundu na ulichomoza kwenye koti la sufu la rangi ya cheri. Huo ulikuwa wa Rosalie Hudak, mjane mwenye saluni karibu na daraja la mawe, ambaye nywele zake zilipangwa juu kichwani kwa ustadi kiasi kwamba kimbunga kilichong'oa paa la kanisa kilipomfikia yeye kiliomba radhi kikapita kando. Mkono wa pili ulikuwa mpana, wenye masizi yasiyosikia sabuni. Wa Galen Berkey huo, fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto, kapera mkongwe, shati lake la miraba limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate.

"Samahani, mama," alisema Galen.

"Mama yako nani? Mimi sikukuzaa. Toa mkono."

"Ungenizaa, ungenifundisha kutoachia nilichokishika kwanza."

"Aliyeshika kwanza ni mimi. Bunduki ya marehemu baba haili risasi nyingine ila za mkupuo huu wa kiwandani. Nimeilisha za kila namna, inazitema."

"Na yangu imesusa vilevile." Galen alimtazama vizuri. "Marehemu baba yako nani?"

"Andrej Hudak wa karakana ya reli."

Galen alivua kofia. Nani katika bonde lile hakumjua mzee Hudak, aliyechonga mtutu wa bunduki kwa mikono yake, mtu ambaye walisema alimpiga nzi kwenye masharubu ya jirani, na jirani akashukuru?

"Basi tugawane," alisema Galen. "Nusu kwako, nusu kwangu. Zako zikiisha, nipigie simu."

"Na zako zikiisha?"

"Nitakuja saluni kukatwa nywele."

Rosalie alikitazama kichwa kile kilichovuliwa kofia. Kilikuwa kitupu, kinang'aa kama yai la bata.

"Utakuja kukatwa nini?" aliuliza. Wakacheka wote wawili, na hapo moyo wa Rosalie, uliofungwa tangu msiba wa mumewe, ukalegea bawaba.

Galen ndiye aliyemwingiza kwenye Klabu ya Bonde la Hemlock. Mchezo wao haukuwa wa kukimbia wala kupiga kelele. Unakaa kwenye meza, unaegemeza bunduki ndogo ya kalibra ya ishirini na mbili kwenye kiegemeo mbele na kifuko cha mchanga nyuma, unalenga kadi yenye viduara vidogo umbali wa yadi hamsini, unatazama vibendera vya upepo, unashika pumzi. Mchezo wa wavumilivu na wachawi. Rosalie alikuwa vyote viwili. Bunduki ya baba yake ilikuwa nzito kama ndama, ratili kumi na tano, na ikiwekwa mezani meza iliguna. Alishinda mara ya kwanza. Alishinda mara ya pili. Mara ya tatu watu walipiga makofi huku wakitazama saa.

Jumapili Galen alikuwa akila kwake. Rosalie alimpikia haluski, yaani kabeji na tambi zilizokaangwa kwa siagi hadi kingo zikawa za dhahabu, naye Galen alikula kama tanuri linavyokula makaa.

"Polepole, laazizi," Rosalie alimtania. "Sahani ile ni ya mama yangu, usiitafune."

Galen alitikisa kichwa, akameza, akafungua mdomo kama mwenye neno. Kisha akapakua tena.

Alhamisi iliyofuata, Bi Dolores Pavlik, mke wa katibu wa klabu, alikaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mtu akiwa chini ya mashine ile hajisikii mwenyewe, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Pole, Rosalie, kwa bunduki ya baba yako."

"Imefanyaje?"

"Si wameistaafisha? Juzi Jumanne, kamati ya sheria. Kuanzia sasa hakuna bunduki inayozidi ratili nane na nusu. Mzee wangu Chester kaniambia walipiga kura haraka, kahawa haikupoa. Aliyeleta hoja ni huyo kipara wako."

Mkasi wa msichana wa kiti cha pili ulisimama hewani. Rosalie aliendelea kuviringa nywele za mteja wake, taratibu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jioni alimpigia simu.

"Ulijua Jumapili?"

"Nilijua."

"Ukiwa mezani pangu."

"Rosalie mpenzi, nisikilize. Watu wanaondoka. Kijana mwenye bunduki ya dukani anakuja mara moja, anaona ule mzinga, harudi. Tukikosa watu, klabu inafungwa. Sheria ni ya haki."

"Sikukuuliza kama ni ya haki. Nimekuuliza kwa nini hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia. Mdomo ulikuwa umejaa."

"Basi endelea kutafuna," alisema Rosalie, akakata simu.

Usiku ule hakulia. Aliipaka mafuta bunduki ya baba yake, akaifunika blanketi, akaiambia kwamba kisasi si chai, hakiharibiki kikipoa. Unanionaje mimi, Galen Berkey, alisema moyoni. Unaniona mjinga mwenye kijiko.

Mkutano wa Mei wa klabu ulifanyika kwenye kibanda chao, karibu na jiko la kuni, watu wakila mkate wa nyama iliyokatwa nyembamba. Rosalie aliingia na gauni jeusi la mazishini, viatu virefu, mdomo umepakwa nyekundu ya kutisha. Galen alisimama kumpa kiti. Rosalie hakukitazama.

"Nina hoja," alimwambia katibu, mzee Chester Pavlik. "Juu ya haki, kwa kuwa siku hizi humu tunaipenda sana."

"Sema, Bi Hudak."

"Uzito mmeupima. Vizuri. Lakini kuna bunduki humu isiyozidi ratili nane na nusu ambayo mtutu wake umetiwa na fundi mkubwa, na darubini yake inaona viroboto mwezini." Hakumtazama Galen. Hakukuwa na haja, wengine wote walimtazama. "Kaka yangu hushindana na magari kwenye njia ya udongo. Kule kuna sheria: ukishinda, aliyeshindwa anaweza kuidai injini yako. Sasa na sisi tufanye hivi. Siku ya mashindano, kadi zikishahesabiwa, aliyeshindwa yeyote anaweza kusema 'Nadai.' Anampa mshindi bunduki yake mwenyewe na kuchukua ya mshindi. Wakidai wengi, waamuliwe kwa bahati nasibu. Mwenye kutamba kwa ustadi wake ataogopa nini?"

Wenye bunduki za dukani walipiga meza hadi vikombe vikaruka. Mzee Chester alimgeukia Galen. "Mwenyekiti wa kamati ya sheria unasemaje?"

Galen alikuwa mwekundu hadi utosini. "Ni ya haki," alisema.

"Hukuniambia," Galen alimnong'oneza Rosalie mlangoni, mkutano ulipokwisha.

"Nilikuwa na vitu mdomoni."

Juni, siku ya mashindano, watu walikuja wengi kuliko miaka yote. Nusu yao hawakujua kulenga hata mlango. Rosalie alikuja na bunduki chakavu aliyojifunzia utotoni, kitako kimepasuka na kufungwa waya. Aliiita Mkebe. Galen angeweza kukosea makusudi akaiokoa yake, na wengi waliweka dau kwamba atafanya hivyo. Hakufanya. Alikaa, akashika pumzi, akapiga kadi safi kama anayejua anapiga kwa mara ya mwisho. Akashinda.

"Nadai," alisema Rosalie kabla mzee Chester hajafunga mdomo.

Hakuna mwingine aliyethubutu kudai, kwa jinsi alivyosimama. Galen aliifuta bunduki yake kwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili, akapokea Mkebe. "Upepo wa kushoto huidanganya," alisema. "Usiuamini."

"Siamini wengi siku hizi."

Wiki nzima Rosalie alitembea mjini kama aliyerithi benki. Wateja walimpongeza. Lakini kila alipokaa na bunduki ile, utamu ulipungua. Kitako kirefu, kilichongwa kwa kipimo cha mkono wa Galen. Shavu lake halikupata pa kukaa, akawa anaitafuta darubini kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Hakukubali kumwambia mtu. Usiku simu ililia mara kadhaa, akaiacha ilie.

Julai walikutana tena. Galen alikaa mezani na Mkebe, na watu wakaanza kucheka, maana alikuwa amepinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Kitako kilikuwa kimetengenezwa, waya umetoka, mbao imepakwa rangi ya asali, lakini kwa nini mtu atengeneze bunduki kisha aipigie kwa shingo iliyovunjika? "Berkey, umelalia wapi?" watu walimwuliza. Hakujibu. Alipiga, akainuka akijisugua shingo, akapiga tena. Kadi zilipohesabiwa, kipara yule na mkebe ule walikuwa wa kwanza, wamemshinda Rosalie na bunduki ya thamani, kwa pointi moja.

Kicheko kilipasuka hadi kunguru wakahama msitu. Rosalie aliona moto. Kumnyang'anya mtu bunduki, na bado akakushinda na takataka yako mwenyewe?

"Nadai," alisema. "Nadai tena. Chukua dude lako."

"Chukua lako," alisema Galen kwa upole.

Hakuagana na mtu. Nyumbani aliitupa Mkebe juu ya meza ya jikoni, akajipikia kahawa, akaiacha. Mwisho udadisi ukamshinda. Akaketi, akaegemeza bunduki kwenye mfuko wa unga, akainamisha kichwa.

Shavu lilikaa.

Lilikaa kama kichwa kinavyokaa kwenye mto wa zamani. Darubini ikawa mbele ya jicho bila kuitafuta. Aliinuka, akakaa tena. Kitako kilikuwa kimefupishwa kwa kipimo cha mkono wake yeye, na mbao ya shavuni imeinuliwa kwa urefu wa uso wake yeye, uso ambao Galen aliutazama Jumapili nyingi kutoka upande wa pili wa sahani. Galen hakuitengeneza ili aipigie mwenyewe. Alimtengenezea yeye, kisha akaipigia kwa shingo iliyopinda, na akashinda, kwa sababu asingeshinda, Rosalie asingeweza kuidai irudi kwake.

Rosalie alishika simu.

"Shingo inaendeleaje?"

"Inatazama Pittsburgh," alisema Galen. "Mimi nikiwa nimeelekea Philadelphia."

"Kwa nini hukuniambia umeitengeneza?"

"Ulikuwa hupokei simu."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma Rosalie. "Njoo Jumapili," alisema. "Sijakusamehe. Njoo tu."

Galen alikuja na shati la miraba, tai ya harusi ya baba yake, na shingo imefungwa skafu. Alisimama jikoni bila kuketi.

"Sheria yako inasema anayedai sharti atoe chake," alianza. "Mimi ndiye niliyeshindwa, tangu siku ya risasi. Natoa nyumba yangu, tanuri lake ni jipya. Natoa lori langu. Natoa jina langu ukilitaka."

"Jina silitaki. Hudak liko kwenye bango la saluni."

"Basi natoa vilivyobaki. Nakudai wewe, Rosalie."

Alimwangalia, kipara kinang'aa kwa jasho, shingo upande. Kisasi chote alichokipika tangu masika kilikuwa bado mezani, na yeye hakuwa na njaa nacho tena. Ila kidogo tu.

"Nadai na mimi," alisema polepole. "Keti."

Galen aliketi kwa haraka, akavuta sahani ya haluski, akanyanyua uma. Kijiko cha mti kikamgonga vidoleni.

"Sema kwanza," alisema Rosalie, "ndipo ule."

Galen aliweka uma chini. "Jumanne kamati inakutana. Nitaleta hoja ya daraja la pili, la bunduki nzito, zishindane zenyewe. Bunduki ya baba yako itarudi mezani."

"Na mimi nikikushinda humo?"

"Nitatengeneza mzinga wangu."

"Nami nitaudai," alisema Rosalie, akampakulia.