Uji wa Mzazi

Wachuka, jirani yetu hapa Skuta, ni nesi wa wagonjwa mahututi, na si mtu wa kuzua mambo. Haya aliyaona mchana kweupe.

Siku hiyo alikuwa na Lynn, binti kutoka Tetu aliyepoteza fahamu alipojifungua. Mtoto alikuwa hai, wodi ya watoto wachanga, na kila mtu aliomba mama aamke amnyonyeshe. Lynn alilishwa maziwa maalum kwa mpira uliopita puani hadi tumboni. Wachuka aliinua upande wa kichwani wa kitanda, maana mgonjwa akilala chali chakula kitampalia. Kisha akavuta kidogo kwa bomba la sindano, aone kilichomo tumboni.

Kikatoka uji. Uji wa wimbi, wa kuchachusha, bado una joto.

Damu ikamchemka. Akamfuata Watiri, mama mkwe wa Lynn, kwenye benchi la nje.

"Shosho, nilikuambia usimpe kitu. Uji ukiingia kwa mapafu utamuua."

"Sijaleta kitu, sista." Watiri alinusa lile bomba. "Huu ni wa Gladwell, mama yake Lynn. Uji wa mzazi, wa kuleta maziwa. Lakini Gladwell si tulimzika mwaka jana?"

Wachuka alirudi mbio. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa. Hakulifunga yeye. Akachungulia.

Hapakuwa na mtu. Ncha ya mpira ilikuwa imeinuliwa hewani. Uji ulishuka ndani yake. Polepole. Bila haraka yoyote.

Alijikuta analia.

"Mama," alinong'ona, "tumbo lake haliwezi. Tuachie sisi."

Mpira ukalala kitandani.

Lynn alifariki jioni hiyo. Mapafu yalikuwa safi, moyo tu ulichoka. Mpaka leo Wachuka anaumia, anajiuliza kama alimfukuza mama kwa mtoto wake.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu Wachuka akapita kumwona yule mtoto. Nesi wa huko alikuwa amempakata, maziwa ya kopo hayajaguswa.

"Tangu jana hataki," alisema. "Na uzito unaongezeka."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, maziwa mepesi kwenye pembe ya mdomo. Wachuka akamgeuza taratibu. Kisogoni, pale mama anaposhika akinyonyesha, palikuwa na udongo mwekundu, mbichi.